Proton au toleo la Linux lenyewe? Uzoefu wangu na kompyuta ya mtumba

Niseme hukumu kwanza, sababu zifuate. Kwenye kompyuta yangu ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulio mbadala wa Windows, gemu nyingi ambazo zina toleo lake la Linux nazicheza kwa toleo la Windows, kupitia Proton, programu inayofanya gemu za Windows zifunguke kwenye Linux. Sina ubishi na mtu, wala sina mapenzi na Microsoft. Zinakwenda vizuri zaidi, basi. Zipo chache ambazo nazicheza vilevile zilivyotengenezwa kwa Linux, na hizo nitazisifia huko chini mpaka mnichoke.

Mashine yenyewe ni ya kuungaunga: prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 6, RAM ya GB 16, na kadi ya grafiki ya AMD RX 580 iliyokwisha tumikia watu nisiowajua. Vyote mtumba wa Kariakoo. Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake mashine ambazo huku kwetu mtu bado ananunua kwa furaha, Microsoft imeshazitoa kwenye hesabu zake. Nikaweka Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux. Kazi za kawaida hazikunisumbua hata kidogo. Wasiwasi ulikuwa kwenye gemu.

Kwa asiyejua, Proton ni kazi ya Valve, wenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, wakishirikiana na kampuni ya CodeWeavers. Ilitoka Agosti 2018, lakini mzizi wake ni Wine, mradi ulioanza mwaka 1993. Gemu ya Windows ikiwa inafanya kazi, kila mara inaomba huduma kwa mfumo: nifungulie faili hili, nipe sauti, nichoree kitu hiki kwenye skrini. Wine inakaa katikati kama mkalimani, inapokea ombi la Kiwindows na kulitimiza kwa njia za Linux. Mahesabu yenyewe ya gemu yanaingia moja kwa moja kwenye prosesa, hayatafsiriwi, ndiyo maana kasi haipotei sana. Kazi nzito ni ya picha. Hapo kuna DXVK, inayogeuza maagizo ya Direct3D (njia ya Windows ya kuchora picha) ya zamani mpaka ile ya 11 kuwa Vulkan, njia ya kuchora ambayo Linux inaielewa, na VKD3D-Proton inayoshughulikia Direct3D 12. Mchezaji haoni lolote kati ya hayo. Anabonyeza kitufe cha kucheza, gemu inafunguka.

Sasa, kwa nini toleo la Linux lenyewe lishindwe na mkalimani?

Mwaka jana nilinunua gemu moja ya mbio za magari, ya miaka mingi kidogo, iliyokuwa kwenye punguzo. Silitaji jina lake. Ina alama ya Linux ukurasani, nikafurahi. Nikaishusha, nikabonyeza, kitufe kikabadilika rangi, kikarudi kuwa kama kilivyokuwa. Kimya. Nikaifungua kupitia terminali, dirisha la kuandikia amri, ili nione inalalamika nini, ikanitolea mstari mmoja: haioni toleo la libcurl inalolitaka, lile la zamani. Hiyo ni maktaba, yaani kipande cha programu ambacho programu nyingine hukitegemea. Yaani gemu haina ubovu wowote. Ilitengenezwa ikitegemea maktaba za Linux za wakati ule, maktaba zikasonga mbele, waliotengeneza toleo hilo walishalipwa wakaenda zao, na hakuna aliyebaki kuirekebisha.

Ukiwa fundi utatafuta maktaba ya zamani uiweke pembeni, uandike amri mbili tatu, itaamka. Mimi nilibonyeza kulia kwenye jina la gemu, nikaingia kwenye mipangilio yake, nikailazimisha itumie Proton. Ikafunguka mara ya kwanza, na mbio zikawa laini bila kukwamakwama.

Ila kuna gharama ambayo wenye intaneti ya bure hawaisemi. Ukihama kutoka toleo la Linux kwenda Proton, Steam inashusha faili za toleo la Windows. Ulishashusha GB 20? Jiandae kushusha nyingine nyingi. Kwa bando la mchana hilo ni jambo la kukaa na kulifikiria, kwa hiyo mimi siku hizi naamua kabla ya kushusha, sio baada. Na ulichokwisha kucheza hakikufuati lazima. Gemu zinazohifadhi maendeleo kwenye seva za Steam mara nyingi huyaleta, zisizofanya hivyo unaanza upya, au unahamisha mafaili kwa mkono. Proton huyaficha ndani ya folda ya steamapps, kwenye compatdata, chini ya namba ya gemu, halafu pfx, halafu drive_c. Humo ndani utakuta diski C nzima ya kuigiza, na mtumiaji anayeitwa steamuser. Mara ya kwanza nilipoikuta nilicheka peke yangu.

Watumiaji wa Linux wana utani wao wa siku nyingi, kwamba kiolesura (njia ya programu kuuomba mfumo huduma) pekee kisichobadilika kwenye Linux ni kile cha Windows. Una ukweli mwingi. Mwaka 2022 maktaba ya glibc, ambayo karibu kila programu ya Linux inaitegemea, ilitoka na toleo la 2.36 likiwa limeacha jedwali moja la zamani lililoitwa DT_HASH. Mabadiliko madogo, ya kitaalamu, lakini Easy Anti-Cheat, programu ya kuzuia wadanganyifu kwenye gemu, ikavunjika kwa walioliweka toleo hilo. Programu za Windows za mwaka 2005 wakati huo zinaendelea kufunguka kupitia Wine kama hakuna kilichotokea.

Kuna jambo lingine ambalo watetezi wa matoleo ya Linux hawapendi kulikumbuka. Mengi ya matoleo hayo yalikuwa na mkalimani ndani yake tangu mwanzo. The Witcher 2 ilipokuja Linux Mei 2014, ilikuja kwa teknolojia ya eON, yaani gemu ileile ya Windows ikiwa imefungwa ndani ya tabaka la tafsiri, na wanunuzi wa siku za kwanza walilalamika sana juu ya kasi. Wengine walifanya kazi safi zaidi. Feral Interactive walileta Shadow of Mordor, wakaleta Tomb Raider mwaka 2016 na Rise of the Tomb Raider mwaka 2018, na kwa zama zile walistahili pongezi, maana bila wao tusingekuwa na kitu. Lakini tafsiri iliyofungiwa ndani ya gemu inabaki pale ilipoachwa na aliyeifunga. DXVK inarekebishwa kila mara, na rekebisho moja linanufaisha maelfu ya gemu kwa mpigo, zikiwemo ambazo waliozitengeneza walishafunga ofisi.

Mfano mzuri ni Elden Ring, iliyotoka Februari 2022. Kwenye Windows watu walilia na kukwamakwama kwa picha. Valve wakatia marekebisho kwenye VKD3D-Proton kwa ajili ya Steam Deck, mashine yao ya mkononi ya gemu inayotumia Linux, na kwa muda ikawa gemu ya Windows inakwenda laini zaidi kwenye Linux. Hakuna toleo la Linux la Elden Ring, na sioni linahitajika la nini.

Na toleo la Linux linaweza kuondolewa. Rocket League ilikuwa nalo, likaachwa kuhudumiwa Machi 2020, na mwenye kuitaka leo anapitia toleo la Windows.

Haya, sifa nilizoahidi. Factorio. Kama unaipenda gemu hii na una Linux, usiiguse kwa Proton. Wanaoitengeneza ndio wanaolihudumia toleo la Linux wenyewe, linapata marekebisho siku moja na la Windows, na lina jambo moja ambalo la Windows halina: kuhifadhi gemu kwa nyuma bila kusimama. Linux inaruhusu programu kujigawa nakala papo hapo, basi nakala moja inaandika kwenye diski huku wewe unaendelea kujenga. Kiwanda kikishakuwa kikubwa, mwenye Windows anakodolea macho mstari wa kuhifadhi kila baada ya dakika kadhaa. Mimi umeme ukikatika, na unakatika, huwa nimepoteza dakika chache tu kwa sababu nimeiweka ihifadhi mara kwa mara bila kunikera. Kwa Mtanzania hilo peke yake ni sababu ya kutosha.

Stardew Valley na Terraria pia hazina shida. Dota 2 na Counter-Strike 2 ni za Valve wenyewe, hazihitaji maneno. Valve ndio walioandika Agosti 2012 kwamba Left 4 Dead 2 ilifikia fremu 315 kwa sekunde kwenye Ubuntu, aina nyingine ya Linux, wakati Windows 7 ilikuwa 270.6 kwenye mashine ileile. Kwa hiyo Linux yenyewe haina udhaifu. Siku hizi nikifungua ukurasa wa gemu siulizi kama ina toleo la Linux, nauliza toleo hilo lilisasishwa lini mara ya mwisho, na nani. Kama la Windows lilisasishwa mwezi huu na la Linux miaka mitano iliyopita, jibu ninalo.

Kero za Proton zipo. Ya kwanza ni video za katikati ya gemu. Hadithi inaanza kukolea, mhusika anataka kusema neno, mara unawekewa mistari ya rangi kama ya televisheni ya zamani kabla ya matangazo kuanza. Ni suala la kodeki, programu za kufungulia video, ambazo Valve hawaziweki kwenye Proton yao kwa sababu za leseni. Dawa yake mara nyingi ni GE-Proton, toleo la wanajamii, unaloliweka kwa programu ya ProtonUp-Qt na kulichagua kwa gemu hiyo tu.

Ya pili ni sheda, yaani programu ndogo zinazoiambia kadi ya grafiki ichore vipi, na hapa wenye bando dogo wanisikilize. Steam hupenda kushusha mapema sheda zilizokwisha andaliwa na wachezaji wengine, ili gemu isikwamekwame inapokutana na kitu kipya. Nia nzuri, lakini unafungua kompyuta unakuta inashusha mamia ya megabaiti za gemu ambayo hujaigusa tangu Ramadhani. Nimezima kabisa kwenye mipangilio ya Steam, sehemu ya Downloads. Tangu DXVK 2.0 ya Novemba 2022, na kwa kadi za AMD tangu Mesa 23.1 (Mesa ni madereva ya grafiki ya Linux), sheda nyingi zinaandaliwa mapema kwa njia nyingine, na kwenye RX 580 sijaona tofauti ya kunirudisha nyuma.

Ya tatu haina dawa: programu za kuzuia wadanganyifu. Easy Anti-Cheat na BattlEye zilifungua mlango kwa Proton mwaka 2021, ila uamuzi ni wa mwenye gemu. Fortnite na Valorant, hakuna. Apex Legends ilikuwa inakubali, ikafunga mwaka 2024. GTA Online nayo ikafunga mwaka huohuo ilipoweka BattlEye, ingawa sehemu ya hadithi ya GTA V bado inachezeka vizuri tu. EA Sports FC za karibuni hazifunguki. Kama jioni zako zote ni kuwafunga washkaji mabao kwenye FC mtandaoni, ndugu yangu, baki Windows. Sikushawishi.

Na kabla hujaondoka na ushauri wangu, angalia kizazi cha mashine yako. DXVK mpya inataka Vulkan 1.3. Laptopu za mtumba zilizojaa madukani, kama ThinkPad T440 na EliteBook 840 G1, zina grafiki za Intel za kizazi cha 4, na Vulkan yake haijakamilika. Kwa hizo mambo yanageuka: toleo la Linux linalotumia OpenGL, njia ya kuchora iliyotangulia Vulkan, ndilo litakalokufaa, na Proton utalazimika kuiwekea PROTON_USE_WINED3D=1 kwenye amri za kufungulia, ambayo ni njia ya zamani na ya polepole. Kuanzia kizazi cha 6 hivi hali ni nzuri, ingawa grafiki za ndani zina mipaka yake.

Usiweke gemu za Proton kwenye diski ya NTFS (mpangilio wa faili wa Windows) unayoshirikiana na Windows. Proton hutengeneza faili lenye nukta pacha kwenye jina, Windows hailitaki, na utapoteza Jumapili nzima.

Kabla ya kununua, pitia ProtonDB, tovuti ya wachezaji wa Linux, usome ripoti za wenye kadi kama yako, zile za karibuni. Halafu tumia haki yako: Steam wanarudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa 2. Mimi bando likiruhusu jaribio langu ni lilelile, toleo la Linux kama lipo, kisha Proton, nusu saa kila moja, na sehemu yenye fujo nyingi kwenye skrini. Kama ulilipa kwa kadi ya mtandaoni ya pesa za simu na umeshaifuta, omba irudi kwenye pochi ya Steam.