Kifungu cha usuluhishi cha ICC: kizuri, ila usikinakili kikavu

Kifungu cha mfano cha ICC, chemba ya biashara ya kimataifa yenye makao Paris, hutolewa bure na ni sentensi moja tu: migogoro yote itokanayo na mkataba au kuhusiana nao itaamuliwa kwa mwisho kwa Kanuni za Usuluhishi za ICC, na msuluhishi mmoja au zaidi watakaoteuliwa kwa kanuni hizo. Msuluhishi hapa si mpatanishi: ni mwamuzi binafsi anayeamua badala ya hakimu. Kwa mkataba wa kujenga au kuendesha hoteli Paje au Nungwi, Zanzibar, nakipa kifungu hiki nyota nne. Kwa kontena moja la mwani, mbili.

Nguvu yake iko kwenye neno "itaamuliwa". Ukiandika "mgogoro unaweza kupelekwa kwa msuluhishi au mahakamani", umeshampa mdaiwa mwanya wa kubishania pa kushitakiwa kabla deni lenyewe halijaguswa.

Kasoro iko kwenye kisichosemwa. ICC wenyewe wanashauri mjaze mambo manne: idadi ya wasuluhishi, lugha, sheria ya mkataba na makao ya usuluhishi. Mtego mkubwa ni hayo makao, yaani mahali ambapo sheria na mahakama zake ndizo zinazousimamia usuluhishi. Andika "Tanzania" peke yake uone: Sheria ya Usuluhishi ya 2020 ni ya Bara, na Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na sheria zake. Tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, ikipingwa, mnapanda boti kwenda Dar es Salaam au mnabaki Unguja? Taja mji. Wala si lazima kikao kifanyike huko. Makao yanaweza kuwa London na mashahidi wakasikilizwa Mji Mkongwe, au kwa video, jambo ambalo kanuni za ICC za 2021 zimelitaja waziwazi.

Sasa pesa. Kufungua shauri ni dola 5,000, hazirudi, ingawa huhesabiwa ndani ya amana ya mdai, yaani fedha zinazowekwa mapema kulipia gharama za shauri. Amana yenyewe hugawiwa nusu kwa nusu. Mdaiwa mjanja hakatai wala hakubali, halipi tu, na hapo mdai hujazia nusu ya pili ili shauri lisife, kisha aidai kwenye tuzo. Mzigo wa mwani wa dola 30,000 hauhimili hayo. Kwa biashara ya kiasi hicho, angalia Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha: Ibara ya 32 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inairuhusu kusuluhisha mgogoro wa kibiashara, ilimradi mkataba wenu umesema hivyo.

Mkataba wa kuanzia 2021 wenye mgogoro usiozidi dola milioni 3 huingia wenyewe kwenye njia ya haraka ya ICC, msipojitoa kwa maandishi. Tuzo hutakiwa ndani ya miezi 6 tangu kikao cha kupanga shauri. Hata mkiandika wasuluhishi watatu, ICC wanaweza kuteua mmoja.

Kinachostahili bei ni ukaguzi: rasimu ya tuzo husomwa na Mahakama ya ICC, chombo chake cha kusimamia mashauri, kabla msuluhishi hajatia saini, na makosa mengi hukamatwa hapo. Ukishinda, Mkataba wa New York wa 1958 wa kutambua na kutekeleza tuzo za kigeni, ambao Tanzania imo tangu 1964, unakufikisha kwenye mahakama ya nchi ya mnunuzi, tuseme Denmark. Huko utatakiwa tuzo halisi au nakala iliyothibitishwa, mkataba wenu vivyo hivyo, na, kama haviko kwa lugha ya nchi hiyo, tafsiri iliyothibitishwa na mfasiri rasmi, aliyeapishwa, au ubalozi. Picha ya WhatsApp ya ukurasa wa saini haitoshi, kwa hiyo mkataba halisi ufungiwe kabatini siku ile ile unaposainiwa.