Uzoefu wangu na seti ya sindano za mianzi: soksi zinakubali, shali zinagoma

Nianze na jibu, maana najua wengi mnasoma mistari ya juu tu halafu mnakimbilia kuagiza. Kama unafuma soksi, chukua. Kama unafuma shali za matundu, zile nyepesi za lesi, hela yako iache ikae mfukoni kwanza. Mimi nafuma vyote viwili hapa Mbeya, na seti hii imenichekesha na kuniliza kwa zamu, wakati mwingine siku hiyohiyo.

Ninazozungumzia ni zile sindano za duara: ncha mbili za mianzi zilizounganishwa na mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha hadi ndani. Pakiti ina saizi 18, kuanzia milimita 2 hadi 10, zote urefu wa sentimita 80. Hazina chapa yoyote. Nilizipata kwa muuzaji wa Kariakoo anayetangaza mtandaoni, zikapanda basi la usiku, nikazifuata stendi. Pamoja na nauli ya mzigo haikufika elfu hamsini, na kwa seti nzima bei hiyo huwezi kuilalamikia. Kabla ya kutuma hela nilimuuliza, "Kaka, pale mianzi inapokutana na mpira pakoje? Uzi haunasi?" Akanijibu, "Dada, hizo ni mianzi orijino." Swali na jibu vikapishana njiani, basi jibu la kweli nimekuja kulipata mwenyewe kwa kufuma.

Nianze na raha zake. Wanaokaa Uyole, na zaidi wale wa huko juu Isyonje kwenye viazi, watanielewa haraka: Juni na Julai sindano ya chuma haishikiki asubuhi. Vidole vinakufa ganzi, vitanzi unavihesabu kwa kukisia. Mianzi haina ubaridi huo. Unaishika, baada ya muda mfupi imeshapata joto la mkono wako na inabaki nalo. Tena haina kelele, unaweza kufuma ibadani kwenye maombi marefu na mzee wa kanisa asigeuke. (Sisemi kwamba nafanya hivyo.) Na kwa uzi wa akriliki, ambao ndio uliojaa madukani kwetu, mianzi inaushika vizuri. Akriliki kwenye chuma inateleza. Ukiweka kazi chini kumpokea mtoto, ukirudi unakuta nusu ya vitanzi vimeshatoka matembezini.

Soksi ndiyo kazi niliyozipenda zaidi hizi sindano. Mpira wa sentimita 80 unatosha kabisa kufuma soksi kwa kuvuta kitanzi kirefu cha mpira katikati ya kazi, nusu ya vitanzi mbele na nusu nyuma, badala ya kuhangaika na sindano tano fupi zinazochungulia kila upande na kumchoma mtu aliyekaa jirani yako kwenye daladala. Kwa mguu wa kawaida wa mtu mzima na uzi mwembamba naanza na vitanzi 64 kwa sindano ya 2.5. Nikifika kisigino nagawa: 32 vinasubiri kwenye mpira, 32 vinafumwa kwenda na kurudi. Kila mwanzo wa safu kitanzi cha kwanza unakihamisha tu bila kukifuma, kwa hiyo safu 32 zikiisha kila ukingo una vitanzi 16 virefu vimejipanga, tayari kuokotwa. Halafu unageuza kisigino. Unafuma hadi kupita katikati kidogo, unaunganisha viwili, unageuka hata kabla safu haijaisha, unarudi, unaunganisha viwili, unageuka. Mtu anayekutazama atadhani umechanganyikiwa. Safu chache baadaye kile kitambaa kilichokuwa bapa kimejikunja chenyewe na kuwa kikombe cha kuweka kisigino. Visigino nimefuma vingi, na bado kila mara namwita mtu yeyote aliye karibu aje aone.

Soksi ya pili ni habari nyingine. Ya kwanza unaifuma kwa hamu, ya pili unailipa kama deni la VICOBA. Hilo sindano hazihusiki nalo.

Uzi wa soksi zangu naupata mitumbani, na niliseme hili kwa sababu wengi huniuliza. Sufu ya dukani ni ya kutafuta kwa tochi, lakini kwenye marundo ya Sido pale Mwanjelwa kuna masweta ya sufu safi. Namba moja, geuza sweta ndani uangalie ubavu. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa ovaloki, rudisha, maana ukilifumua utapata vipande vya uzi vyenye urefu wa upana wa sweta na si zaidi. Unatafuta lile ambalo vipande vyake vilifumwa kwa umbo, kisha vikashonwa pamoja kwa uzi unaoweza kuuchomoa. Namba mbili, kama limeshafuliwa kwa maji ya moto likashikamana na kuwa gumu, halifumuki tena. Na lebo ikiwa imekatwa, omba ukichukue kiuzi kimoja ukichome pembeni: sufu inanuka nywele zilizoungua na inazima yenyewe, majivu unayasaga kwa vidole, akriliki inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Wauzaji wameshanizoea. Mmoja huniambia, "Mama, leo usije na kiberiti, mzigo ni mpya." Sufu tupu inalika upesi kisigino, kwa hiyo sehemu hiyo nafuma pamoja na uzi wa cherehani wa polista wa rangi inayofanana. Wateja wangu wakubwa ni watu wa shamba wanaovaa gambuti kutwa, na soksi hizo hazijarudishwa kwangu kwa kutoboka.

Kasoro moja kwenye soksi: saizi ya 2 ni nyembamba mno kwa mianzi ya ubora huu. Ukifuma kwa kukaza, inapinda kwanza, halafu inavunjika kwa mlio mdogo unaousikia hadi tumboni. Ya 2.25 imepinda lakini inaendelea kuishi.

Kasoro ya pili ni baridi yetu. Mpira umekuja umekunjwa kwenye pakiti na haukubali kusahau mkunjo huo. Kwa mtu wa Dar huenda asione tatizo. Hapa Julai unagoma kabisa, unajizungusha, unabeba kazi yote na kuigeuza. Dawa ni maji ya moto ya kwenye chupa ya chai: mimina kwenye bakuli, tumbukiza mpira peke yake, mianzi ibaki nje, subiri dakika moja, kisha unyooshe kwa mikono hadi upoe. Kesho asubuhi utarudia. Nimeshaifanya kuwa sehemu ya kupika chai.

Sasa shali.

Shali ya matundu ya pembetatu, mfumo wa kawaida, inaanza na vitanzi vichache tu shingoni na kuongezeka vinne kila safu ya pili. Mwanzoni unaruka. Kufikia mwisho una vitanzi zaidi ya 300 na safu moja inakula kipindi kizima cha taarifa ya habari. Kila tundu linatokana na kutupia uzi juu ya sindano, na kila tundu, isipokuwa yale ya kuongeza vitanzi, lina mwenzake, mahali ulipounganisha vitanzi viwili kuwa kimoja ili hesabu isivurugike. Kitanzi cha kutupia hakina kilichokishika chini yake. Kikitoroka, kinavuta na mwenzake, na kurudisha kwa sindano ya kroshia kama unavyofanya kwenye sweta haiwezekani kirahisi, kwa sababu unajenga upya shimo pamoja na ukuta wake.

Hapo ndipo kiungo kinapoingia. Kwenye hizi sindano, mianzi inapokutana na mpira pana kingo ndogo sana, ukipitisha ukucha unaisikia. Kwa uzi mnene si kitu. Kwa uzi wa shali, kila kitanzi kinachopanda kutoka kwenye mpira kinagota pale. Unasukuma kwa kidole gumba. Kinapita. Kinachofuata kinagota. Zidisha mara 300, kisha kumbuka safu ya kurudi. Ukikosa subira ukavuta kwa nguvu, ama uzi unachanika vinyweleo, ama tundu la jirani linajifunga. Nikachukua msasa laini kabisa nikasugua mianzi pembeni, nikapaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kiungo, tabaka jembamba, likikauka jingine. Ilisaidia hadi rangi ilipoanza kubanduka.

Lililonimaliza ni saizi ya 4, ambayo kwa uzi mwembamba ndiyo hasa inayofanya matundu yafunguke. Nilikuwa na shali ya harusi ya mteja, mama mmoja wa Iyunga ambaye alitaka kujifunika nayo kanisani. Nikiwa karibu na ukingo wa mwisho, mpira ukachomoka kwenye mianzi, kimya kimya, na vitanzi vikabaki hewani. Kilichoniokoa ni uzi wa cherehani ninaopitisha ndani ya vitanzi vyote kila nikimaliza mzunguko wa maua, yaani michoro ya matundu. Vilivyotoroka vilishuka hadi pale vikasimama. Simu ikalia jioni hiyo. "Mwanangu, shali imefika wapi? Harusi Jumamosi." "Shikamoo mama. Ipo, inamalizika." "Marahaba. Isije kuwa kama ya fundi wa keki." Nilifumua hadi kwenye ule uzi, nikabandika kiungo kwa supagluu, nikasubiri usiku mzima, nikaendelea. Gundi ikaacha kinundu. Kwa hiyo vitanzi vikawa na mahali pengine pa kugota.

Ncha nazo ni butu kwa kazi hii. Kuunganisha viwili sawa, lakini maua mengine yanataka vitanzi vitatu kwa mpigo, na ncha ya mviringo haiingii. Unachokonoa hadi uzi unapasuka katikati. Chuma chenye ncha kali kinaingia mara moja.

Niseme na hili, ili mtu asidhani nachukia shali. Hakuna furaha ninayoijua kwenye ufumaji inayofikia siku ya kuinyoosha. Shali ya sufu ikitoka kwenye sindano ni kitu kilichosinyaa, hata mume wangu huuliza kama ni ya kutupa. Unailoweka, unaikamua kwa taulo bila kuisokota, unaitandaza juu ya godoro na kuvuta kila pembe kwa pini. Matundu yanafunguka mbele ya macho yako. Ikikauka inabaki hivyo. Visiwa vya Shetland, kule Uskoti, wana sifa ya kufuma shali nyembamba kiasi cha kupita yote ndani ya pete ya ndoa, na siku ya kuinyoosha ndipo unapoamini jambo kama hilo. Akriliki haikupi raha hiyo kwa maji peke yake. Inarudi ilivyokuwa hadi uipitishie mvuke wa pasi, na mvuke ukizidi inalegea moja kwa moja.

Mengine kwa kifupi. Namba zilizochapwa kwenye mianzi zinafutika mapema, basi weka alama zako mwenyewe. Iliyoandikwa 3 na iliyoandikwa 3.25 kwenye pakiti yangu ni unene uleule, nimezipitisha kwenye tundu moja la kadibodi zote zikapita sawasawa. Kwa soksi, namba isiyo ya kweli inaweza kukupa mguu mmoja mkubwa ukibadilisha sindano katikati bila kujua. Namba 8 hadi 10 sijazigusa, na mwanangu anatumia moja kuchomeka nyanya bustanini.

Shali ya yule mama ilifika kanisani, na amenitumia picha. Ya sasa naifuma kwa sindano ya chuma niliyoazima kwa shangazi yangu wa Njombe, baridi na yote. Seti ya mianzi imebaki ya soksi, na humo ninayoitumia kweli ni 2.5 peke yake. Nimemwomba yule kaka wa Kariakoo aniuzie mbili za saizi hiyo. Anasema seti haivunjwi.