Mrija wa kukomesha kwikwi: unafaa kwa kwikwi ya dakika, si ya siku tatu

Kwa mbali ungedhani ni mrija wa kawaida uliopinda kama herufi L, lakini tundu lake la chini ni dogo kiasi kwamba maji hayapandi mpaka uvute kwa nguvu na mashavu yabonyee. Mvuto huo hulazimisha kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, kukaza kwa amri ya neva ya freniki, na tonge la maji linapomezwa neva ya vagasi, inayotoka ubongoni hadi kifuani na tumboni, nayo hushughulishwa. Kwa kuwa neva hizo mbili ndizo zinazoendesha kwikwi, mzunguko wake hukatika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu mrija wa aina hii, watumiaji 249 waliripoti kuwa kwikwi ilikoma katika takribani asilimia 92 ya majaribio, ingawa hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Kwangu mimi, ninayekula upesi kupita kiasi, mivuto miwili hutosha.

Kwa baba yangu mambo yalikuwa mengine. Kwikwi ilimshika siku tatu, usiku na mchana, na kila alipotumia mrija alipata nafuu ya robo saa tu, kisha ikarudi palepale alipoanza kusinzia. Kwikwi inayopita saa 48 huhesabiwa kuwa sugu, na chanzo chake chaweza kuwa asidi inayopanda kooni, figo zilizochoka, upungufu wa sodiamu mwilini, kiharusi au uvimbe kwenye ubongo. Daktari alianza kwa kuuliza dawa anazomeza, akaishia kwenye deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe ambayo inajulikana kuleta kwikwi. Akapima damu, akapunguza dozi mwenyewe (mgonjwa hapaswi kujiamulia hilo) na kumwandikia baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, huku akieleza kuwa wengine hupewa klopromazini au metoklopramidi. Siku ya pili baba alilala.

Lawama yangu ni kwamba karatasi ya maelekezo haikutaja saa 48 popote, wala haikumwonya mtu mwenye shida ya kumeza, ambaye maji yanaweza kumpalia. Naupa nyota tatu kati ya tano. Anayeununua ausafishe kila baada ya matumizi, kwani lile tundu dogo huziba upesi.