Maharage ya Jumatatu Yanayoliwa kwa Tarumbeta

Kila Jumatatu mchana mimi hula katika mgahawa mdogo wa mtaa wa Tremé, jijini New Orleans, Marekani, ambako maharage mekundu huinjikwa tangu alfajiri pamoja na soseji ya moshi, vitunguu na pilipili hoho. Zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, kwa hiyo chungu kiliachwa kitokote chenyewe. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi aliyezaliwa mjini humu mwaka 1901, alikipenda chakula hiki kiasi cha kukitaja alipotia saini barua zake.

Maharage yao yamelainika hadi mengine yakapondeka na kuufanya mchuzi uwe mzito, ukashika wali bila kuulowesha. Kwangu yanaishinda hata gumbo yao, mchuzi mzito wa huko, ambayo safari hii ilizidi chumvi. Wanapiga rekodi za Hot Five, bendi ya Armstrong, za kati ya 1925 na 1928, kwa sauti ya chini isiyokatiza mazungumzo, na nilimwona mzee wa meza ya jirani akisitisha kijiko hewani kila tarumbeta ilipopanda. Spika ya karibu na mlango inakwaruza, ibadilishwe. Fika kabla ya saa saba, maana chungu huisha mapema.