Chekechea ya kucheza tu, uzoefu wangu baada ya dogo kumaliza

Naanza na bei maana najua ndo mtakayouliza kwanza. Laki saba kwa muhula, uji na matunda humo humo, basi la shule mbali, chakula cha mchana unalipia au unamfungia mwenyewe. Shule iko huku kwetu Kinyerezi, jina silitaji kwa sababu nina ya kusifia na nina ya kulalamika na sitaki ugomvi na mtu. Wa kwangu aliingia pale na miaka mitatu na ushee, mwaka huu kaenda la kwanza, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho, sijasimuliwa.

Niwaeleze ikoje kwanza maana mabango ya Dar yanachanganya watu. Kila mtaa una geti limechorwa vikatuni na juu wameandika Montessori, na jina hilo yeyote anaweza kulibandika getini kwake, hakuna wa kumshika. Huyo Maria Montessori alikuwa daktari Mtaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907 kwenye mtaa wa watu wa hali ya chini, na kinachonichekesha mimi ni kwamba mwenyewe wala hakuwa shabiki wa michezo ya kujifanya, alitaka mtoto amimine maji kweli, afagie kweli, afunge vifungo kweli. Hii shule yetu inachanganya vyote. Asubuhi wana kazi za mikono za namna hiyo, kumimina maharage toka jagi hili kwenda lile, kupapasa herufi zilizokatwa kwenye msasa, wakishakunywa uji wanaachiwa kona: kona ya duka, kona ya nyumbani, ya ujenzi, ya vitabu, ya rangi, na nje mchanga na maji. Mtoto anachagua mwenyewe anaenda wapi. Mwaka wa kwanza hakuna daftari. Narudia, hakuna daftari, kama hilo litakukosesha usingizi usimpeleke mtoto pale utakuja kugombana na watu bure.

Baba yake alichemka. "Laki saba acheze? Hapa nyumbani si anacheza bure?" Na swali lake wala halikuwa la kijinga, maana sisi wenyewe tumekua kwa kombolela na rede na kupikapika na hakuna mzazi aliyelipia hata senti, na mdako ukiuangalia vizuri ni hesabu tupu, unarusha jiwe juu, unakomba kete shimoni, unazirudisha ukiacha moja, raundi inayofuata mbili, halafu tatu, ukikosea unampisha mwenzio. Ila sisi tulikuwa na uwanja na watoto wa mtaa mzima na dada zetu wakubwa wa kutuamulia. Wa kwangu ana kibaraza cha nyumba ya kupanga, geti limefungwa, dada wa kazi na tivii. Kwa hiyo nikamwambia baba yake, mimi silipii kucheza, nalipia wenzake wa kucheza nao na mtu mzima anayejua kuangalia. Akanyamaza, sio kwamba alikubali, alinyamaza tu.

Na huyo mtu mzima anayejua kuangalia ndo kila kitu jamani. Siku za mwanzo wanakuruhusu ukae nyuma ya darasa mpaka mtoto azoee, mimi nilikaa kama mkaguzi. Watoto walikuwa wametengeneza daladala kwa maboksi ya friji, wamechora mistari, kuna dereva kuna konda, konda anaita Gongo la Mboto, Buguruni, Kariakoo hiyooo, abiria wanalipa kwa vifuniko vya soda na konda anatakiwa arudishe chenji. Sasa kuna mtoto mmoja aliyeshika usukani, kifuniko cha ndoo, hataki kutoka, na wa kwangu naye anataka kuendesha, wakaanza kuvutana na mmoja akalia. Mimi huku nyuma nishainuka. Madamu wala hakumnyang'anya mtu kitu, alichuchumaa akalingana nao macho akasema, naona wote wawili mnataka kuendesha, na gari ni moja, sasa tufanyeje? Akanyamaza. Yaani alinyamaza mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Baadaye konda, katoto kadogo kuliko wote, ndo kakatoa jibu: dereva akifika Kariakoo anashuka anakula, mwingine anachukua gari. Wakakubaliana, na kwenda na kurudi Kariakoo kwao ni dakika mbili kwa hiyo kila mtu aliendesha asubuhi ile. Angekuwa mama yangu pale usukani ungeenda juu ya kabati na wote wangekaa chini wakunje mikono.

Sasa kuna hili la msiba, nilisita kulisimulia lakini ndo sababu kubwa ya kuandika.

Mwaka jana baba yangu alifariki, tukaenda Korogwe kuzika na dogo tukaenda naye. Tukarudi, akarudi shule, kimya, anakula, analala, anacheza, sisi tukasema huyu bado mdogo hajaelewa. Siku moja madamu akanitumia picha wasap. Watoto wamefunga kanga kwenye viti ndo turubai, wengine wamekaa kwenye mkeka, kasichana fulani kanapika pilau la mchanga, mwanasesere kalazwa katikati kafunikwa kitambaa, na wa kwangu kakaa mlangoni na karatasi na penseli anaandikisha rambirambi. Moyo ulinilipuka. Nikapiga simu hapo hapo, madamu mbona mnamwacha mtoto anachuria? Kwetu mtoto akicheza msiba anakatazwa, na makofi juu, anaita kifo. Akanisikiliza mpaka nikamaliza ndo akasema, mama, tangu mrudi hajawahi kumtaja babu yake, leo ndo mara ya kwanza namsikia. Nikauliza anasemaje. Akasema anawaeleza wenzake kwamba mtu akishazikwa ukimpigia hapatikani.

Baba yangu alikuwa anapiga simu kila Jumapili jioni kuongea na mjukuu wake. Hakuna mtu mzima hata mmoja nyumbani aliyekumbuka kumwambia mtoto kwamba ile simu haitakuja tena, sote tulikuwa na misiba yetu vichwani. Alikuwa anasubiri. Jumapili ile nilimkalisha tukaongea, akauliza maswali ambayo mengine sikuwa na jibu, akalia, tukalia.

Ule msiba wao waliucheza siku kadhaa mfululizo, madamu akawaacha, alikuwa anakaa karibu tu, akiulizwa anajibu, hakuufanya somo. Halafu turubai lile lile likageuka la harusi, mwanasesere yule yule akawa bibi harusi, na dogo akabaki pale pale mlangoni anakusanya michango. Mpaka leo sina uhakika kama ningeuvumilia ule mchezo sebuleni kwangu, na najua kuna mtu hapa anasoma anasema astaghfirullah au ashindwe. Sawa. Ila darasa la madaftari lisingeniambia mwanangu anasubiri simu.

Kingine ni maneno. Wana picha ukutani za nyuso, ya furaha, ya hasira, ya woga, ya wivu, ya kuchoka, asubuhi mtoto anaweka kifuniko chenye jina lake kwenye uso wake wa siku hiyo. Niliona ni urembo tu. Likizo mama mkwe akaja, akamzuia dogo kitu fulani, mtoto akasimama akasema "Bibi nina hasira, naomba ziishe kwanza ndo tuongee", akaenda kukaa chumbani. Bibi wa watu aliduwaa, akanigeukia mimi: hasira? Huyu ana hasira za nini, analipa kodi ya nyumba? Nilicheka mpaka nikakaa. Lakini niwe mkweli inachosha, mtoto anayejua kutaja hisia zake anazitaja saa kumi na mbili asubuhi basi likiwa linapiga honi nje, "mama umenifokea nimejisikia vibaya", we unatafuta soksi. Na mtaani wengine wanaona ana mdomo. Hapo mzazi ujipange, shule inakufundishia mtoto, kumfundisha bibi ni kazi yako.

Malalamiko sasa.

La kwanza, vifaa. Kila wiki ujumbe kwenye grupu: leteni maboksi, leteni makopo, leteni vifuniko, matambara, magunzi, na sina shida na hilo, ndo uzuri wenyewe, toi la dukani mtoto analichoka siku mbili lakini boksi leo ni gari kesho ni jeneza keshokutwa ni friji. Shida ni kwamba kwenye risiti ya ada kuna mstari umeandikwa vifaa, na sio hela ndogo. Niliuliza kikaoni nikajibiwa maneno mengi sana ambayo hayakuwa jibu. La pili walimu hawakai. Yule madamu wa daladala aliondoka katikati ya mwaka wa pili, akaja binti mwenye cheti lakini alikuwa anawapangia kila kitu, leo wote tunachora ua, na ua ni jekundu, na picha zikarudi nyumbani ishirini zinafanana kama zimetolewa kopi. Muhula mzima dogo hakuwa na hadithi ya kunisimulia akirudi. Wazazi tulilalamika wakamrekebisha, wakampa mwalimu mzoefu wa kukaa naye, akabadilika, lakini ule muhula nililipa bei ile ile. La tatu, nguo. Rangi haitoki, msidanganywe na matangazo ya sabuni.

La nne ndo zito, intavyuu ya la kwanza. Shule za Ingilishi midiamu huku zinampa mtoto wa miaka sita karatasi, asome, aandike, ajumlishe, na dogo alikuwa anahesabu vizuri na chenji anarudisha bila kukosea lakini mwandiko polepole mno. Shule ya kwanza walimkataa. Iliniuma, na baba yake akapata neno la kusema, wiki nzima akawa analisema. Shule ya pili mwalimu alimwambia tu hebu nisimulie picha hii, kumbe ndo umemfungulia bomba, alisimulia mpaka akaambiwa inatosha. Wakampokea. Miezi ya mwanzo alikuwa nyuma kwenye kuandika, mwalimu wake akaniita, tukawa tunakaa naye jioni kidogo, sasa hivi yuko sawa na wenzake, sio wa kwanza, sio wa mwisho. Anachonishangaza ni kwamba akikosa haogopi kuuliza. Mtoto wa shemeji yangu anaandika mwandiko mzuri ajabu na akiulizwa swali anaangalia sakafu, wala sisemi ni shule ndo imefanya, watoto wanazaliwa tofauti, nasema nilichokiona.

Na kwa wanaosema haya ni mambo ya Kizungu ya watu wenye hela, mtaala wetu wenyewe wa elimu ya awali, ule wa Taasisi ya Elimu Tanzania wa 2016, ulitaka mtoto ajifunze kwa michezo na darasa liwe na kona za kujifunzia. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo imetaja kucheza na kupumzika kama haki, pamoja na chakula na matibabu. Na awali ya serikali haina ada tangu 2016. Sema ndo hivyo, mwalimu mmoja na darasa limejaa mpaka mlangoni atachuchumaa kwa nani? Jirani yangu wa kwake yuko ya serikali, mwalimu wake ni mzuri tu, kona amezitengeneza ukutani kwa maboksi, lakini anapata nafasi ya kuzitumia siku mvua ikinyesha na nusu ya watoto hawajaja.

Kama unaenda kutafuta, usiangalie bembea. Kila shule ina bembea. Nenda saa nne wakiwa wanacheza uangalie walimu wako wapi, wakiwa wamekaa pamoja kivulini na simu basi hapo unalipia uwanja tu. Angalia toi zikoje, zikiwa mpya zimepangwa juu ya kabati ndani ya nailoni hizo ni za wageni kama wewe. Omba kuona michoro ya watoto, ikifanana yote ondoka. Uliza na usajili bila kuona haya, dei kea inasajiliwa upande wa ustawi wa jamii na darasa la awali ni Wizara ya Elimu, kuna watu wana kibali cha kimoja wanaendesha vyote. Yetu walinionyesha karatasi zote mbili bila kununa, hilo nawapa maksi.

Kwa ujumla nawapa nne kwa tano, ile moja nimeikata kwa sababu ya mstari wa vifaa na ule muhula wa maua mekundu. Mdogo wake anaingia Januari Mungu akipenda, baba yake ndo kaenda kuchukua fomu mwenyewe, sikumtuma. Ila basi la shule safari hii silipii, ni mwendo wa dakika kumi tu, tutatembea.