Kutafuta ndugu kupitia Msalaba Mwekundu: huduma ikoje kwa waliopotezana vitani Kongo

Kama una jirani, mkwe au mfanyakazi mwenzako kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, ambaye hajui mama yake au mtoto wake yuko wapi, mshauri aanzie dawati la kutafuta ndugu la Msalaba Mwekundu. Huduma ni bure tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, haiangalii kabila wala upande wa vita, na ina watu vijijini ambako mtandao wa simu haushiki. Ni ya polepole, na anayetaka jibu la wiki hii atakata tamaa mapema. Lakini mara nyingi utafutaji unaharibikia mezani, siku ya kujaza fomu: maelezo yanatolewa machache, au kwa namna ambayo mtu wa ng'ambo ya mpaka hawezi kuyatumia. Hilo linaweza kurekebishwa, na ndiko msaada wako kama jirani unakohitajika.

Vita vya Kongo vilianza 1996, vikawaka upya 1998, na ingawa vilitangazwa kwisha 2003, Kivu haijatulia hadi leo. Watu wa Fizi na Uvira walivuka Ziwa Tanganyika wakaingia Kigoma, wa Rutshuru wakatokea Uganda kupitia Bunagana, wengine wakafika Nairobi, Ulaya na Marekani. Karibu kila nchi ina chama chake cha Msalaba Mwekundu, na kazi inaunganishwa na Kamati ya Kimataifa ya Geneva, ile Wakongo wanayoiita kwa kifupi cha Kifaransa CICR. Kambini Nyarugusu uliza Msalaba Mwekundu wa Tanzania. Uganda na Kenya nako, uliza chama cha nchi husika. Aliyeko Ubelgiji au Uingereza aende kwa chama cha huko huko, kwani haihitajiki kusafiri wala kupitia ubalozi.

Huduma zenyewe ni za aina tatu hasa. Kuna simu fupi ya bure kwa anayejua namba lakini hana uwezo wa kupiga; hiyo haina maelezo marefu. Kuna barua ya Msalaba Mwekundu, kwa anayejua ndugu yake yuko wapi ila hana njia ya kumfikia. Na kuna ombi la kutafuta, kwa asiyejua kabisa.

Barua huandikwa kwenye fomu maalumu na haifungwi kwa gundi, kwa sababu lazima isomwe kabla ya kusafirishwa. Inaruhusu habari za kifamilia tu: nani mzima, nani amezaa, nani mgonjwa, nani amefariki. Ukitaja jeshi, kundi lenye silaha, njia za barabara au siasa, barua itazuiwa. Si ukali wa bure, maana anayeibeba anapita vizuizi vya pande zote, na sentensi moja inaweza kumponza yeye na anayepelekewa. Usitie pesa wala picha ya kitambulisho. Andika kwa lugha ambayo mpokeaji anaisoma, na acha nafasi yake ya kujibu.

Sasa majina, kwani hapa ndipo mengi huharibika. Mkongo kwa kawaida ana majina matatu: jina, jina la pili, na jina la Kikristo au la Kiislamu mwishoni. Ndugu wa tumbo moja wanaweza wasiwe na jina hata moja linalofanana. Akifika Tanzania anaulizwa jina lake, la baba na la babu, na karani anaandika kwa mpangilio huo. Mtu yule yule sasa ni watu wawili kwenye makaratasi. Tena mwaka 1972 Mobutu, rais wa wakati huo, alipiga marufuku majina ya Kikristo, kwa hiyo mzee aliyesajiliwa enzi hizo anaweza kuwa hana "Joseph" kwenye hati yoyote, japo kanisani wote wanamwita hivyo. Ongeza tahajia ya Kifaransa: Wilondja ni Wilonja, Tchomba ni Chomba. Andika namna zote unazozijua, pamoja na jina la utani na jina la mtoto wa kwanza, kwa maana kijijini mama hutambulika kama Mama Fulani kuliko jina la kadi. Majina kamili ya baba na mama wa anayetafutwa yasikosekane. Bahati na Furaha ni wengi mno. Wazazi ndio wanaowatofautisha.

Mahali nako kuna mtego. Fizi, Masisi, Rutshuru na Walikale ni majina ya teritwari nzima (kama wilaya) na pia ya miji midogo yenye makao yake. Ukiandika "Fizi" peke yake, mtafutaji hajui aende kituoni au atembee sekta zote nne: Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge. Shuka ngazi kwa ngazi: mkoa, teritwari, sekta au usultani, kijiji, kisha alama. Alama bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kanisa. Makanisa ya Kiprotestanti Kongo yana namba, na "5e CELPA" au "8e CEPAC" pamoja na jina la mchungaji vinampeleka mtafutaji mlangoni. Kwa Mkatoliki andika parokia, kwa Mwislamu msikiti. Kisha shule, soko, jina la chifu.

Anwani ya zamani isitupwe. Kambi ya Lugufu ilifungwa 2009 na waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu; aliyeonekana mwisho Lugufu ana njia ya kufuatwa. Kambi zilizozunguka Goma, kama Kanyaruchinya na Bulengo, zilitawanyika mapema 2025 baada ya waasi wa M23 kuuchukua mji, kwa hiyo aliyekuwa huko atafutwe pia kijijini alikotoka. Taja tarehe ya mwisho ya kuonana na waliokuwa pamoja naye. Tarehe ikisahaulika, msimu wa mavuno au tukio lililojulikana na wote linatosha.

Mtoto asiye na mzazi apelekwe dawatini kwanza, kabla ya mtu mzima yeyote. Kwa mdogo asiyejua kutaja kijiji, aliyemwokota aeleze alimkuta wapi, lini, amevaa nini, na watu wale walikuwa wanatoka upande gani. Usimtajie mtoto majibu. Atakubali kila kitu. Mzazi akipatikana, pande zote mbili huhojiwa kwanza kuthibitisha undugu na kuuliza kama kila mmoja anataka, ndipo mtoto husafirishwa.

Mipaka yake ni ya kueleweka mapema. Wanatafuta ndugu, si mdaiwa wala shahidi wa kesi. Hawatoi viza na hawaingii kwenye uhamisho wa wakimbizi kwenda nchi ya tatu. Ndugu akipatikana, anwani yake haitolewi mpaka akubali mwenyewe. Na "hajapatikana" si "amefariki": linamaanisha waliuliza pale walipoelekezwa wakakosa, hivyo ukipata kijiji kipya au jina jipya, rudi uliongeze kwenye faili.

Wengi huanza Facebook na makundi ya WhatsApp, na yanafaa kwa wenye simu. Hatari yake ni mbili. Picha ya mtu yenye jina na kijiji, katika eneo linaloshikiliwa na wenye silaha, inaweza kumfanya alengwe. Na matapeli husoma matangazo hayo, kisha hupiga simu: tumempata, tuma nauli. Msalaba Mwekundu hauombi nauli, ada wala "ya soda". Anayeomba si wao.

Siku ya mahojiano, mkalimani achaguliwe na mhusika. Mtoto asitafsiri maneno ya mama yake kuhusu maiti, na mtu wa upande ambao mhusika anauogopa asikae chumbani. Kabla ya siku hiyo, andikeni maelezo kwenye karatasi nyumbani taratibu, hata kwa siku mbili, maana kumbukumbu hizi haziji kwa kukamuliwa.

Mwisho wa mahojiano chukua namba ya faili na uitunze sehemu mbili. Jibu huchukua miezi, pengine miaka, na katikati kunaweza kuwa kimya, hasa barabara zikifungwa. Ukibadilisha laini ya simu au kuhama kambi, wajulishe wiki hiyo hiyo: faili ambayo mwombaji wake hapatikani linaweza kufungwa. Anayehamia Marekani au Ulaya aombe faili lake liunganishwe na chama cha huko, asianze upya, kwa maana ombi la pili lenye tahajia tofauti huzaa mtu wa tatu kwenye makaratasi.