Diski ya Nje Yenye Nywila: Ninunue Ipi?

Mwaka jana nilinunua diski ya nje Kariakoo ya kuhifadhia picha za harusi za wateja. Muuzaji akaniapia: “Dada, ukishaweka nywila hata mimi siifungui.” Sehemu ya kuchomekea waya ilipolegea nikaipeleka kwa fundi. Akabandua kasha kwa bisibisi, akatoa diski iliyomo, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Picha zikajipanga zote, bibi harusi wa Mbagala akiwa wa kwanza. Nywila hakuniuliza.

Kasi na ukubwa utavisoma kwenye boksi. Swali langu ni moja: nywila inaufunga ufunguo, au inakaa mlangoni tu?

Diski inayojisimba yenyewe, yaani inayogeuza faili zisisomeke bila ufunguo, hujitengenezea ufunguo wa siri, na kila faili huandikwa kwa ufunguo huo. Nywila yako huzaa ufunguo wa pili, unaoufungia ule wa kwanza. Ndiyo maana ukibadili nywila, diski nzima haiandikwi upya. Ikitengenezwa vizuri, aliyeshika chipu mkononi bila nywila hana kitu. Ikitengenezwa vibaya, ufunguo umelala wazi, na diski inalinganisha tu nywila uliyoandika na ile iliyotunza; ukiidanganya ijibu “ndiyo”, umeingia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walilikuta kosa hilo kwenye diski za Crucial MX100 na hata Samsung T5. Mwaka uliofuata Microsoft ikaifanya BitLocker, programu ya kusimba iliyomo kwenye Windows, isimbe yenyewe badala ya kuiamini diski.

Namba moja kwangu ni Kingston IronKey Vault Privacy 80, na sioni ya kushindana nayo. Nywila unaiandika kwenye kioo cha diski yenyewe, kwa hiyo kompyuta yenye virusi haiioni. Kuna nywila ya msimamizi na ya mtumiaji, na kwa mpangilio wa kiwandani ukikosea ya msimamizi mara 15 mfululizo, diski inajifuta.

Ya pili ni Apricorn Aegis Padlock, yenye vitufe vya namba juu yake. Ya tatu, diski ya kawaida ukaisimba kwa programu ya VeraCrypt.

Za bei chee zenye “kufuli” kwenye boksi, achana nazo.

Kinachoniuma ni wauzaji. Nilizunguka maduka sita nikiulizia IronKey. Manne hawaijui, la tano wakanitolea flashi yenye kibandiko cha kufuli, la sita wakataka mara mbili ya bei ya kuagiza, eti “ni ya usalama”. Nimeagiza mwenyewe.